Rovu, Ndimu na Chumvi ya Kilwa

Ukisikia eti maji ya ndimu hutibu rovu, usikubali haraka. Tezi ya shingo huvimba hasa mwili unapokosa madini joto, na asidi ya ndimu haiwezi kushika nafasi yake.

Ajabu ni kwamba Kilwa na Lindi chumvi huvunwa palepale ufukweni! Lakini maji ya bahari yakikaushwa juani, chumvi inayobaki ina madini joto kidogo mno. Lazima yaongezwe, na sheria imeagiza hivyo tangu miaka ya 1990. Ile ya kupima kwa kopo huenda haijatiwa kitu. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri nao huizuia tezi kuyapata hata hayo machache.

Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huumia kabla hajazaliwa. Kwa hiyo ukitumwa chumvi dukani, soma pakiti kwanza. Mwenye uvimbe tayari aende zahanati.