Milango mitatu ya maabara: Jinsi vyuo vikuu vya Marekani vinavyodhibiti utafiti wa hatari

FEBRUARI 2006, mtumishi mmoja wa maabara katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, nchini Marekani, aliinama ndani ya mtambo uliokuwa umetumika kuwapulizia panya hewa yenye bakteria aina ya Brucella. Kazi yake ilikuwa kuusafisha. Baadaye alishikwa na homa isiyokatika, na ilipofika Aprili vipimo vya damu vilionyesha kwamba bakteria hao walikuwa wamekwishaingia mwilini mwake.

Ugonjwa huo si mgeni kwa Afrika Mashariki. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi huupata, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria. Hutibika kwa viuavijasumu, na mtumishi huyo alipona. Hata hivyo, wakati huo sheria ya Marekani ilikuwa imewaweka bakteria hao katika orodha ya vimelea vinavyoweza kugeuzwa silaha, na kila chuo kilichowahifadhi kilitakiwa kuiarifu serikali bila kuchelewa iwapo mtu angeambukizwa.

Serikali haikuarifiwa. Ulipita mwaka mzima hadi shirika moja la kiraia, Sunshine Project, lilipodai nyaraka za chuo hicho kwa kutumia sheria ya jimbo la Texas inayowapa wananchi haki ya kupata taarifa. Aprili 2007 chuo kilitoa taarifa. Miezi miwili baadaye ikajulikana kuwa watu wengine watatu walikuwa wamekutwa na dalili katika damu kwamba walikumbana na kimelea cha homa ya Q, nao pia hawakuripotiwa.

Juni 30, 2007, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kiliamuru chuo hicho kisimamishe utafiti wote unaohusu vimelea vya orodha hiyo. Februari 2008 chuo kilikubali kulipa dola milioni 1.

Jambo la kushangaza ni kwamba chuo hicho hakikukosa kanuni. Kilikuwa na kamati, fomu na maofisa wa usalama, kama vilivyo vyuo vingine vikubwa vya nchi hiyo. Ili kuelewa ni nini kilichoharibika, ni lazima kwanza kuelewa jinsi mfumo wenyewe ulivyojengwa.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, jaribio linalohusu wanyama, vimelea na dawa kali hupita katika milango mitatu. Mlango wa kwanza humlinda mnyama, wa pili humlinda binadamu aliye ndani na nje ya maabara, na wa tatu huzuia dawa zisitoroke kabatini kwenda mitaani. Katika vyuo vingi milango hiyo huwa chini ya uangalizi wa ofisi ya uzingatiaji wa sheria za utafiti, au ya ofisi kadhaa zinazotakiwa kufanya kazi kwa ushirikiano.

Mlango wa wanyama

Chanzo cha mlango wa kwanza ni mbwa. Mwaka 1965, mbwa wa aina ya Dalmatian aliyeitwa Pepper alitoweka nyumbani kwake Pennsylvania. Wenyewe walipofanikiwa kumfuatilia, ilibainika kuwa alikuwa amekwishakufa katika jaribio la hospitali moja ya New York. Hasira ya wananchi iliwafikia wabunge, na Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya kwanza ya nchi hiyo kuhusu ustawi wa wanyama wa maabara.

Kamati za wanyama, kama zinavyojulikana leo, zililazimishwa na sheria za mwaka 1985. Chuo kinachopokea fedha za serikali kwa ajili ya utafiti wa afya hutakiwa kuwa na kamati yenye wajumbe wasiopungua watano. Miongoni mwao ni lazima awemo daktari wa mifugo, mtafiti mzoefu, mtu ambaye si mwanasayansi, na mtu asiye na uhusiano wowote na chuo hicho.

Kamati huuliza maswali ambayo mtafiti aliyezama katika kazi yake huweza kuyasahau. Je, ni lazima kutumia mnyama? Kama ni lazima, wanyama wachache kuliko hao hawatoshi? Maumivu yao yatapunguzwaje? Misingi hiyo mitatu, yaani kubadilisha, kupunguza na kuboresha, iliwekwa mwaka 1959 na wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch.

Kila baada ya miezi sita kamati hukagua mabanda na vyumba vya upasuaji. Zaidi ya hayo, ina nguvu ambayo wengi hawaifahamu: jaribio likikataliwa na kamati, hata mkuu wa chuo hana mamlaka ya kuliidhinisha.

Mfumo huo una pengo lake. Panya wanaozalishwa kwa ajili ya utafiti, ambao ndio wengi kabisa katika maabara, hawamo katika ulinzi wa sheria ya mwaka 1966. Bunge lilithibitisha jambo hilo mwaka 2002. Panya hao hulindwa na masharti ya fedha: anayetaka ruzuku ya Taasisi za Taifa za Afya, NIH, hana budi kuwatunza kwa kiwango kilichowekwa.

Mlango wa vimelea

Mlango wa pili ulifunguliwa na wanasayansi wenyewe. Februari 1975 watafiti zaidi ya 100 walikutana Asilomar, jimboni California, kujadili hatari ya mbinu mpya ya kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti. Mwaka uliofuata NIH ilitoa mwongozo, na kutokana nao zikazaliwa kamati za usalama wa kibayolojia.

Wananchi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1976, baraza la mji wa Cambridge, Massachusetts, vilipo Chuo Kikuu cha Harvard na taasisi ya MIT, lilisimamisha kwa muda majaribio hayo na kuunda jopo la raia wa kawaida kuyachunguza. Jopo lilisikiliza pande zote, na Februari 1977 mji ukaruhusu utafiti uendelee kwa masharti. Hadi leo kamati ya usalama wa kibayolojia hutakiwa kuwa na wajumbe wasiopungua watano, wawili kati yao wakiwa watu wa nje ya taasisi wanaowakilisha maslahi ya jamii inayoizunguka.

Kamati hii hupima kazi kwa ngazi nne za usalama. Ngazi ya 1 ni ya vijidudu visivyodhuru watu wenye afya. Ngazi ya 4 ni ya maradhi kama Ebola, ambako watafiti huvaa mavazi yanayoingiziwa hewa safi kwa bomba. Brucella hushughulikiwa katika ngazi ya 3, ambako hewa huvutwa kuingia ndani ya chumba na haiachiwi kurudi upande wa watu.

Baada ya barua zenye kimeta kuua watu watano nchini humo mwaka 2001, sheria ya mwaka 2002 iliongeza uzito. Watu wanaoshughulikia vimelea vya orodha maalumu walitakiwa kuchunguzwa mienendo yao na kuidhinishwa kwanza, kila chupa ikaandikishwa, na kila upotevu au maambukizi yakatakiwa kuripotiwa.

Mlango wa dawa

Mlango wa tatu huzungumzwa kidogo, lakini ndio unaogusa kazi za kila siku. Mnyama anayepasuliwa hana budi kulazwa usingizi na kupozwa maumivu, na dawa zinazofanya kazi hiyo, kama ketamini na buprenofini, ndizo hizohizo zinazotafutwa na watumiaji wa dawa za kulevya. Kwa hiyo mlango wa kwanza hudai dawa zitumike, ilhali wa tatu hudai zisiachwe ovyo.

Sheria ya mwaka 1970 iliyagawa madawa hayo katika makundi matano. Mtafiti au taasisi hujisajili kwenye idara ya serikali inayosimamia dawa hizo, DEA. Dawa hufungiwa katika kabati imara, hesabu kamili hufanywa angalau kila miaka miwili, na kumbukumbu huhifadhiwa kwa muda usiopungua miaka miwili. Kilichoandikwa katika daftari ni lazima kilingane na kilichobaki chupani. Ikigundulika dawa imeibwa, au imepotea kwa kiasi kikubwa, DEA huarifiwa kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi.

Ugumu wa kuongoza

Anayeongoza programu hizi hubeba mzigo wa pekee. Kwanza, jaribio moja huweza kupita milango yote mitatu, na kila mlango ukadhani jambo fulani limekwishaangaliwa na mwingine. Kamati ya wanyama huweza kuidhinisha idadi ya panya bila kujua kwamba aina ya kimelea imebadilishwa. Ofisi ya dawa huweza kuona chupa zimeongezeka bila kujua kwamba upasuaji umeongezeka. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba maandishi ya sehemu zote yanasema habari moja.

Pili, na hili ndilo gumu zaidi, kiongozi huyo hutakiwa kuwa mkaguzi anayeogopwa na papo hapo mtu anayeaminiwa. Akiwa mpole kupita kiasi, daftari halitajazwa. Akiwa mkali kupita kiasi, mtu aliyejichoma sindano ataificha sindano hiyo mfukoni na kwenda nyumbani kimya.

Kimya ndicho kilichoiponza Texas A&M. Ajali ya Februari 2006 ingeweza kutokea katika maabara yoyote, na yenyewe isingeuangusha mpango mzima wa utafiti. Lakini wakaguzi wa CDC walipoingia kwa sababu ya taarifa zilizofichwa, walikuta mengine: watu wasioidhinishwa waliofikia vimelea, na majaribio yaliyofanywa bila kibali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Si chuo hicho pekee kilichochelewa. Mwaka 2004, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Boston waliugua tularemia walipokuwa wakitafuta chanjo yake. Waliamini kuwa wanashughulikia bakteria waliodhoofishwa, kumbe mchanganyiko ulikuwa na bakteria wakali. Wawili waliugua Mei, wa tatu Septemba, na uhusiano wa matukio hayo na maabara ulitambuliwa baadaye. Kama homa za Mei zingehusishwa mapema na kazi waliyokuwa wakiifanya, huenda mtu wa tatu angeepushwa.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, mambo haya hayako mbali. Taasisi yoyote ya nje ya Marekani inayopokea fedha za NIH kwa utafiti wa wanyama hutakiwa kutoa ahadi ya maandishi kwamba itafuata viwango vinavyokubalika vya kuwatunza. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009. Kamati, makabati na madaftari yanaweza kuigwa katika muda mfupi.

Kisichoigwa kwa haraka ni mazoea ya kusema. Mlinzi wa kwanza wa maabara ni yule anayefagia, anayeosha vizimba na anayesafisha mtambo, kwa kuwa ndiye hukutana na hatari kabla ya profesa na kabla ya kamati. Chuo ambacho mtu huyo anaweza kupiga simu na kusema, "Nimepata ajali," bila kuhofia mkate wake, kimekwishafanya sehemu kubwa ya kazi ya kujilinda.