CHURA KAPEWA VIZA, SISI TUMENYIMWA!

Pale kijiweni kwetu Temeke kuna mshikaji ambaye ukimtajia vyura wa Kihansi tu, kahawa inamwagika. "Yaani chura anakwea pipa kwenda Marekani, mimi mtoto wa mjini viza nimenyimwa mara mbili!" Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nami nilikuwa mchekaji namba moja, siwafichi.

Kibao kiligeuka siku mjomba alipokuja kututembelea. Yeye zamani alifanya kibarua bonde la Kihansi, kule Milima ya Udzungwa. "Mnacheka tu nyie watoto," akasema. "Ukisimama chini ya yale maporomoko ulikuwa unalowa chapachapa, na mvua haijanyesha."

Kumbe yale manyunyu ndiyo yalikuwa nyumba ya chura. Mtaa wake wote hekta mbili hivi, na duniani hana kwingine. Mwenyewe hafiki sentimita tatu, rangi ya njano, na hatagi mayai kama wenzake. Anazaa watoto kabisa!

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Mwaka 2000 mitambo ikaanza kazi, maji karibu yote yakaingizwa kwenye handaki. Manyunyu kwisha. Haraka haraka vyura 499 wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Waliobaki wakafungiwa mabomba ya kuwanyunyizia, wakajikongoja, lakini mwaka 2003 wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukakutwa humo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja.

Hapo sikucheka. Umeme ninaopigia pasi suruali yangu ya kutokea ni wa gridi, na Kihansi imo humo na megawati zake 180. Wa kuzima mitambo simo mimi! Ila jamani, kile kijito kingekaguliwa vizuri kabla ya kuchimba, hizo ndege na mabomba vingetoka wapi?

Mwaka 2010 wajukuu wa wale 499 walianza kurudi, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaachiwa bondeni kwao, chini ya manyunyu ya mabomba.

Nikamsimulia mshikaji yote hayo. Akanyamaza, akakoroga kahawa yake, kisha akauliza: "Sasa hao waliozaliwa New York, paspoti yao ya wapi?"