Namna ya Kusafisha Hema na Kuilinda Wakati wa Mvua

Ninyi watu wa vijiji, katika kiangazi wengi wenu mnalala mbali na nyumba zenu. Mmoja anakwenda kuvua samaki katika mto Lufira ao katika ziwa Moero. Mwingine anachoma makala porini. Mwingine analinda mahindi katika shamba la mbali, nguruwe na nyani wasiyamalize. Huko nyumba yenu ni hema ya kitambaa, ao bashi iliyofungwa juu ya miti.

Mvua inapoanza, mwezi wa 10 ao wa 11, mnarudi kijijini kulima. Hema inakunjwa na kutupwa katika pembe ya nyumba. Hakuna mtu anayeiangalia tena mpaka mwezi wa 5. Siku ile mwenyewe anaifungua, naye anaona nini? Madoa meusi, harufu mbaya, matundu ya panya. Akivuta kidogo, kitambaa kinapasuka kama karatasi. Anasema: «Mvua imeiharibu.» Lakini hema ile haikunyeshewa hata siku moja katika miezi hiyo yote. Ilikuwa ndani ya nyumba.

Basi shikeni neno hili kwanza: hema haifi kwa kunyeshewa, inakufa kwa kukunjwa mbichi.

Hema inaoza sababu gani?

Kitambaa cha hema nyingi ni pamba, na pamba ni kitu cha mmea, kama vile miti. Mnajua mti ulioanguka porini. Ukikaa mkavu, unadumu. Ukikaa katika unyevu, uyoga unaota juu yake, na mti unakuwa laini. Ukungu ni ndugu mdogo wa uyoga. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, nazo zimo katika hewa po pote. Huwezi kuzifukuza. Lakini pasipo unyevu haziwezi kuota. Katika hema iliyokunjwa mbichi, siku mbili tatu zinatosha.

Wakati wa vita kuu ya pili, katika miaka ya 1940, askari wa Marekani walikaa katika visiwa vya Solomon, fasi ya joto na mvua nyingi. Hema zao zikaoza upesi. Watu wenye elimu walitwaa kitambaa kilichooza, wakatafuta adui aliyefanya hivi. Wakakuta ukungu mmoja unaotoa maji yenye nguvu. Maji yale yanageuza pamba kuwa sukari, na ukungu unakula sukari ile. Kumbe doa jeusi juu ya hema yako si uchafu tu. Ni mdomo unaokula. Unaweza kufuta doa, lakini nguvu ya uzi ulioliwa hairudi tena.

Bashi ya plastiki hailiwi na ukungu namna hii. Adui yake mkubwa ni jua. Ikiachwa juani mwaka mzima, inakauka na kuvunjika. Lakini hiyo nayo ikikunjwa mbichi, inafunga unyevu na harufu ndani, na kamba zake zinaoza.

Kazi yenyewe

1. Chagua siku. Fanya kazi hii mwisho wa mwezi wa 9, mbele ya mvua ya kwanza, asubuhi isiyo na mawingu. Simamisha hema kama unavyofanya kwa kulala. Usiifulie chini katika udongo.

2. Ondoa vumbi kwanza, hema ikiwa kavu. Karibu na migodi magari makubwa yanapita mchana na usiku, na vumbi la barabara linaingia po pote. Vumbi lile ni mawe madogo yenye makali. Hema ikikunjwa nalo, linakata nyuzi kama tupa. Tena ukilimwagia maji kwanza, linageuka kuwa matope na kuingia ndani ya kitambaa. Basi piga hema kwa mkono, ndani na nje, halafu pangusa kwa ufagio laini. Toa magamba ya samaki na bunga iliyomwagika. Vitu hivi vinaita panya.

3. Osha kwa maji baridi. Tumia brosi laini na sabuni kidogo isiyo kali. Usitumie maji ya moto wala sabuni kali ya unga, kwani kitambaa kilitiwa dawa ya kuzuia maji, na hivyo vinaiondoa. Usitumie Javel. Inafanya doa kuwa jeupe, lakini inadhoofisha uzi. Kisha suuza mara nyingi, mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki, maji ya mvua yatapita ndani yake.

Angalia sana maji unayotumia. Usioshe hema katika kijito kinachotoka kwenye viwanda vya madini. Maji yale yaweza kuwa na asidi, nayo inavunja nyuzi za pamba. Hutaona kitu siku ile. Utaona baadaye, hema inapopasuka usiku katika upepo. Maji ya namna hii si mazuri kwa mtu wala kwa mbuzi. Tumia maji ya kisima ao ya mvua.

4. Kausha. Hii ndiyo kazi kubwa kupita zote. Acha hema ikisimama, milango wazi, upepo upite. Katikati ya kitambaa panakauka upesi na kukudanganya. Mishono, pindo, pembe na kamba zinakauka mwisho, kwani pale kitambaa kimerudiwa mara mbili ao tatu. Shika mshono, uuweke juu ya shavu lako. Ukisikia baridi, bado ni mbichi. Shavu likikuambia kwamba ni kavu, ngoja tena nusu ya siku. Lakini usiiache juani juma zima, maana jua nalo linadhoofisha pamba.

Usikaushe hema kwa babula. Cheche moja inatoboa kitambaa. Tena usilale kamwe na babula ndani ya hema iliyofungwa, hata katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Makala inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala, wala haamki.

5. Tengeneza palipoharibika. Shona tundu likiwa dogo bado. Twaa nta ya nyuki, paka juu ya mshono kwa nguvu, halafu uache ukapate moto kidogo wa jua. Nta itaingia katika matundu ya sindano na kuzuia maji. Vigingi vya chuma ufute, upake mafuta kidogo, uviweke katika mfuko wao peke yao. Kutu ya chuma inakula pamba.

6. Weka fasi nzuri. Kunja hema taratibu, bila kuikaza, wala usifuate mikunjo ya zamani, kwani kitambaa kinakatika pale kinapokunjwa sikuzote. Funga katika gunia safi linalopitisha hewa. Usifunge katika plastiki. Usitumie mfuko uliochukua dawa za mgodi, hata ukiwa umeoshwa. Tundika kwa kamba chini ya dari, ao weka juu ya kitanda cha miti, mbali na ukuta na mbali na moto wa jikoni. Usiiweke chini. Mchwa wa kwetu wanapanda usiku mmoja kutoka udongo. Weka kila mguu wa kitanda kile ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya motere, nao hawatapita.

7. Usiisahau. Katika fasi nyingi za nchi yetu, mvua ya mwaka mmoja inapita milimita 1,000, nayo karibu yote inanyesha katika miezi hiyo. Hewa ya nyumba inakuwa na unyevu. Basi mara moja kila mwezi, mvua ikipumzika na jua likitoka, fungua hema, itandaze juu ya kamba kwa saa mbili ao tatu, halafu urudishe.

Na kama mvua ikikukuta njiani?

Mara nyingine mtu anahama katika mvua na kukunja hema mbichi. Hii si kosa, sababu hana njia nyingine. Kosa ni kufika nyumbani na kusema: «Nimechoka, nitaifungua juma lijalo.» Siku ile ile ya kufika, itandaze chini ya baraza, hata kama mvua ingali ikinyesha. Upepo utaanza kazi.

Ukikuta ukungu umekwisha kuota, peleka hema nje, funga kitambaa puani, upanguse ukungu ukiwa mkavu. Paka maji ya ndimu na chumvi juu ya doa, acha juani, kisha suuza vizuri na kukausha. Halafu vuta kitambaa pale kwa mikono miwili. Kikishika, tumia. Kikipasuka, kata fasi nzuri zilizobaki, uziweke kuwa viraka.

Fikirini watu wawili walionunua hema siku moja. Mmoja alitumia siku moja kuosha, na saa chache za kila mwezi kuanika. Mwingine alilala siku ile. Mwezi wa 5 wote wawili wanakwenda shambani. Wa kwanza anasimamisha hema yake. Wa pili analaza watoto wake katika baridi. Mahindi anayavunia chini ya bashi iliyotoboka, na mvua ya mwisho inapita ndani. Nayo mahindi yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ini la mtu. Sasa atauza mbuzi ili anunue hema ya pili.

Mbele ya kukunja, ulizeni shavu lenu. Likisikia baridi, ngojeni.