Mtoko Usio na Meza

Jumamosi moja jioni nilikaa kwenye mgahawa wa huko Mikocheni nikimsubiri rafiki aliyekwama kwenye foleni. Meza ya jirani wakaja kijana na binti, wamependeza, wananukia. Wakaletewa menyu. Kijana aliisoma kutoka kulia kwenda kushoto, yaani bei kwanza, chakula baadaye. Binti akayaona macho yale yanavyosafiri, akasema hana njaa, atakunywa soda tu. Kimya. "Enhe, kazini vipi?" "Kazini poa." Kimya tena. Baada ya dakika ishirini kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake, na rafiki yangu alipofika nilikuwa nimeshawahurumia kiasi cha kutaka kuwalipia waende zao.

Kazi yangu ni ushauri wa uhusiano. Wengi huja kwangu ndoa ikiwa imeshapata nyufa, lakini huja pia vijana ambao ndiyo kwanza wanaanza, na swali lao kubwa ni hili: wikiendi nimtoe wapi? Wanategemea nitaje hoteli. Jibu langu huwa fupi: popote, mradi msikae mezani mkaangaliana.

Tatizo la meza ya watu wawili ni kwamba hakuna kinachotokea pale. Mmekaa uso kwa uso, na kila neno inabidi mlitoe kichwani. Hivyo ndivyo wanavyokaa watu kwenye usaili wa kazi. Waliokaa pamoja miaka mingi wanaimudu, kwa sababu wana habari za mawifi na ada za shule; wanaoanza hawana akiba hiyo. Lakini wasimamishe watu hao hao bega kwa bega, wape kitu cha kutazama, uone. Nusu ya mazungumzo italetwa na kilicho mbele yao. Na vile macho hayakutani muda wote, hata jambo la aibu hutoka kirahisi. Madereva wa malori wanalijua hili: abiria wa kiti cha mbele, wakifika Chalinze, ameshasimulia mambo ambayo mkewe hajawahi kuyasikia.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walichapisha jaribio moja la kuchekesha. Waliwachukua wapenzi na wanandoa, baadhi yao wakawafunga pamoja kwenye vifundo vya mikono na miguu, wakawaambia watambae juu ya magodoro, wavuke kizuizi, huku wamebana mto katikati ya miili yao bila kuushika kwa mikono wala meno. Wengine walipewa kazi ya kupigisha miayo: mmoja asukume mpira polepole hadi katikati ya chumba, mwenzake akimtazama. Dakika 7 tu. Walipojaza maswali baada ya hapo, wale waliogaagaa wakicheka waliuona uhusiano wao umekuwa mtamu kuliko wale wa mpira. Aron anaeleza kwamba mtu akikutana na jambo jipya hujihisi ameongezeka, na kama wakati huo yuko na mwenzake, sehemu ya raha ile anaihesabu ni ya mwenzake. Miezi ya mwanzo ya mapenzi haihitaji msaada, maana mpenzi mwenyewe bado ni jambo jipya. Baadaye upya inabidi utafutwe nje. Nawajua wanandoa ambao kila Jumamosi wanakwenda baa ile ile, kiti kile kile, kuku yule yule nusu, kisha wananiambia wanatoka sana. Hao wanasukuma mpira.

Sisemi mkafungane kamba. Nasema mkapande pantoni.

Najua kwa mtu wa Kigamboni nimetukana. Kwake pantoni ni kusukumana na kuchelewa kazini, na yeye nitamtafutia dawa nyingine. Lakini kwa mtu wa Tabata au Kimara, aliyezoea daladala na mwendokasi, kivuko cha Magogoni ni safari ya baharini kwa shilingi 200. Nendeni saa kumi jioni, jua likiwa limepunguza ukali. Geti linafunguliwa na umati wote unaondoka kwa mpigo, mamia ya miguu juu ya chuma, baiskeli na tenga lake la kuku, bodaboda zinajipenyeza, mama ameshika ndoo ya samaki aliowanunua Feri pale pale jirani. Viti waachieni wazee. Simameni pembeni, upande unaoelekea mlango wa bandari. Chombo kikiondoka mtetemo wa injini mnausikia mpaka kwenye nyayo, upepo unakuja na dizeli na chumvi, na mji unaanza kurudi nyuma, majengo ya Posta yanapungua taratibu kama yanazama. Mkiwa na bahati meli ya makontena inapita, na pantoni inabidi ingoje. Mnaitazama ikiwapita kama ghorofa linalotembea. Hapo hakuna atakayemuuliza mwenzake kazini vipi. Atauliza, "Hivi ile yote inaelea kwa nini?" Na kama hakuna kati yenu anayejua, ndiyo raha yenyewe.

Ng'ambo kunyweni dafu, tembeeni kidogo, rudini giza likiingia, taa za mji zikiwa zimewaka.

Huyu Aron alianza na madaraja. Mwaka 1974 yeye na mwenzake Donald Dutton walikwenda Capilano, karibu na Vancouver huko Kanada, kwenye daraja linaloning'inia kiasi cha mita 70 juu ya korongo na kuyumba ukilikanyaga. Mtafiti wa kike aliwasimamisha wanaume waliokuwa peke yao, akawauliza maswali, akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 waliochukua namba kwenye daraja la kuyumba, 9 walipiga. Kwenye daraja jingine, imara, walipiga 2 kati ya 16. Watafiti wakasema moyo ulidunda kwa hofu, kichwa kikadhani ni mapenzi. Tangu hapo watu wanashauriana kupelekana sinema za mizimu. Mimi jaribio hili naliheshimu kwa mbali. Watu wenyewe ni wachache, na anayethubutu kukatiza daraja kama lile peke yake huenda ni mtu wa kuthubutu kupiga simu vilevile. Tena tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa moyo ukidunda hukuza kilichopo: anayekuvutia anazidi kukuvutia, na asiyekuvutia anazidi kukukera. Kwa hiyo usimtishe mtu ukitegemea akupende. Daraja letu la Tanzanite, lililofunguliwa Machi 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na halimtishi yeyote, lakini kulitembea taratibu jioni, bahari chini yenu, kunafaa, kwa sababu ile ile ya bega kwa bega.

Ukishuka upande wa Oysterbay unaelekea Coco, na Coco ni muhogo. Mwuzaji anautoa kwenye mafuta, anaupasua vipande kwa kisu, anamwagia chumvi, kachumbari, pilipili, anakamulia ndimu, anawakabidhi sahani moja na vijiti viwili. Hiyo sahani moja ndiyo somo. Mnakula mmesimama au mmekaa kwenye mchanga, pilipili inamzidi mmoja, mwenzake anakimbilia maji, na hakuna bili itakayoletwa kwenye kijaluba ikamtoa mtu jasho. Suala la nani alipe limeharibu mitoko mingi kuliko mvua. Mila zetu ziko wazi kwamba mwalikaji ndiye mlipaji, na sina ugomvi nazo, ila mtoko wa vitu vidogo vidogo unawapa wote wawili nafasi: wewe nauli, mimi muhogo, wewe dafu.

Mkitaka kuingia majini, angalieni mwezi kwanza. Vijana wa mjini wanakwenda baharini kama wanakwenda bwawani, wakikuta maji yamekwenda mbali wanashangaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa jioni. Asubuhi hiyo vaeni viatu mwende kwenye miamba kutafuta kaa na konokono. Kuogelea mrudi saa kumi. Baada ya juma moja mambo yanageuka, na maji mafu hayo hayapandi wala hayashuki kwa kishindo. Mtu anayejua kupanga mtoko kwa mwezi, huwa namwongezea alama.

Kwa wasiopenda jua na mchanga kuna Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Watu wa Dar wengi walikwenda mara moja wakiwa darasa la tano, kwa mstari, na mwalimu mwenye fimbo. Rudini wakubwa. Pale kuna habari za Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na pia magari ya zamani ya viongozi, ambayo nimeona yanafungua midomo ya wanaume wasiosema kitu popote pengine. Ukivuka tu unaingia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, yenye vivuli ambavyo mji mzima umevisahau. Humo wamepanda ule mnazi wa Shelisheli wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani. Mkitazama picha ya mbegu yenyewe mtacheka, na kwa nini mtacheka sitaeleza kwenye makala inayosomwa na wakwe.

Wachumba wa makabila mawili tofauti nawapeleka Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, walikojenga nyumba za asili za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Mkisimama mbele ya nyumba ya kwao, muulize bibi yake alipikia wapi. Utajua mambo ya ukweni kabla ya kupeleka posa.

Na wale wanandoa wa kuku nusu nawapandisha treni ya umeme kwenda Morogoro. Ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula asubuhi nzima sasa inaachia nafasi ya kupanda asubuhi, kula mchana mkiitazama Milima ya Uluguru, na kurudi jioni. Kata tiketi mapema na usisahau kitambulisho. Siti ziwe jirani. Nimeshasuluhisha ugomvi wa waliokaa mabehewa tofauti.

Kwa wanaokutana mara ya kwanza, hasa waliofahamiana mtandaoni, ni haya tu: mchana, mahali penye watu, kila mmoja aje na usafiri wake, na dada au rafiki ajue ulipo. Kisiwani kusubiri, kwa sababu kule ukichoka na mtu huna pa kukimbilia.

Hilo la kisiwa nalisema kwa uchungu. Mwaka fulani mimi na mume wangu tulivuka kutoka Kunduchi kwenda Mbudya. Siku ilikuwa nzuri: maji ya kijani, samaki wa kuchoma, usingizi chini ya makuti. Mwenye boti alituahidi kutufuata saa kumi. Alikuja magharibi imeingia, nasi tumelowa, tumenuna, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kutochukua namba ya simu ya yule bwana. Kwa mwaka mzima nikiitaja Mbudya mume wangu alikumbuka saa mbili zile tu.

Daniel Kahneman na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1993. Waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walitumbukiza mkono mwingine sekunde 60 zile zile, kisha wakaongezewa 30, maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa hesabu lina maumivu zaidi, kwa sababu liliisha kwa nafuu. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Inashika kilele, na inashika mwisho.

Sasa fikirieni mtoko wa Jumapili unaoishia kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, gari halina kiyoyozi, mmoja amebanwa na haja. Mchana wote umepotea. Ndiyo maana nawaambia watu wapange mwisho kwanza, halafu warudi nyuma kupanga mwanzo. Ondokeni kabla mji haujaanza kurudi majumbani, kisha malizieni karibu na nyumbani kwa kitu kidogo. Changu mimi ni kahawa: mzee na birika lake juu ya makaa, anagonganisha vikombe kabla hajafika, kahawa chungu na kashata mnayokatiana.

Kijana mmoja niliyempa dawa ya pantoni alinirudishia ripoti. Walivuka saa kumi, wakafika ng'ambo, wakashuka, wakalipa tena, wakarudi Magogoni. Kisha wakavuka tena. Nilimuuliza kulikuwa na nini Kigamboni mara ya pili. Akasema hawakwenda popote, ila binti alikuwa anasimulia habari za shangazi yake wa Tanga, na kila wakifika gatini zilikuwa bado hazijaisha.