Maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti (3): Yaliyozaliwa tumbo moja

Katika makala mbili zilizotangulia tulishughulika na maneno yasiyo na udugu wowote, mfano "night" na "knight". Hayo yalikutana njiani kwa sababu matamshi ya Kiingereza yalibadilika huku tahajia ikibaki pale pale. Zamani ile k ya "knight" ilikuwa ikitamkwa. Leo nageukia kundi ambalo naamini ndilo linalowasumbua zaidi wanaoandika barua za ofisini: maneno ya mama mmoja, yanayotamkwa sawa au karibu sawa, yakatofautiana kwa herufi moja au mbili. Shuleni tulifundishwa kuyakariri. Mimi nashikilia kwamba ukijua neno lilikopita, hutahitaji kukariri.

Tuanze na duka la steshenari. Karibu na chuo chochote cha Dar es Salaam utalikuta: mashine ya fotokopi mlangoni, madaftari yamepangwa hadi darini, na mara nyingi juu ya mlango kibao kilichoandikwa "Stationary". Kwa tahajia hiyo kibao kinasema "isiyosogea". Ndilo neno linalofaa kwa gari lililokuwa limesimama kando ya barabara likagongwa. Vifaa vya kuandikia ni "stationery", kwa e.

Hata hivyo, aliyechora kibao hakupotea mbali. Maneno yote mawili ni ya kitenzi cha Kilatini "stare", yaani kusimama, kilichozaa "statio", mahali pa kusimama. Stesheni yetu ya reli nayo asili yake ni hiyo hiyo. Katika Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walizunguka na bidhaa zao, lakini mwenye vitabu alikaa mahali pamoja, jirani na chuo. Akaitwa "stationarius", mwenye kituo.

Kazi yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika karne ya 13, huko Bologna na Paris, alifanya biashara chini ya mamlaka ya chuo kikuu. Alitunza nakala iliyokaguliwa ya kitabu kinachofundishwa, akaiacha bila kuijalidi, ikiwa vipande vipande vya kurasa chache chache. Mwanafunzi, au mwandishi aliyelipwa, alikodi kipande kimoja, akakinakili kwa mkono, akakirudisha na kuchukua kinachofuata. Kwa utaratibu huo watu wengi waliweza kunakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na bei ya kukodi ilipangwa na chuo chenyewe. Mwanafunzi wa leo anayeacha noti za mhadhara kwenye fotokopi ili wenzake wazitolee nakala anaendeleza desturi yenye zaidi ya miaka 700, na anaifanya katika duka lenye jina lile lile.

London nako wanakili, wajalidi na wauza vitabu waliunda chama chao mwaka 1403. Mwaka 1557 kikapata hati ya kifalme, na aliyetaka kulinda haki yake ya kuchapa kitabu alikiandikisha kwenye daftari la chama. Tamthilia kadhaa za Shakespeare zimo humo. Baadaye mchapaji na muuza vitabu walipata majina yao wenyewe, "stationer" akabakiwa na karatasi, wino na kalamu. Bidhaa zake ndizo zikaitwa "stationery". Kwa hiyo ile e ni ya mtu, ni ya muuzaji. Panapokuwa na duka, pana muuzaji, na e lazima iwepo.

Jozi ya pili ina madhara makubwa zaidi kwa sababu imo katika mikataba: "principal" na "principle". Mzizi ni "princeps" wa Kilatini, neno lililoundwa kwa "wa kwanza" na "kushika": mwenye kushika nafasi ya kwanza. Mkuu wa chuo ni "principal". Fedha uliyokopa benki, kabla ya riba kuongezwa, nayo ni "principal", kwa kuwa ndiyo iliyotangulia na riba ikafuata. "Principle" imetoka kwa "principium", mwanzo, ikapitia Kifaransa, na maana yake ni kanuni, yaani jambo ambalo mengine yote yanaanzia hapo. Herufi l ya "principle" haikuwamo katika asili yake. Waingereza wenyewe waliibandika, inaelekea kwa kuiga maneno kama "participle". Ukiandika "agreed in principal" umesema mmekubaliana ndani ya mkuu wa shule, au ndani ya deni.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni "flower" na "flour". Ua na unga! Mwanafunzi akiambiwa ni neno moja hukataa. Wafaransa walikuwa wakiita unga safi kabisa, uliochekechwa ukaachana na pumba, "ua la unga", kwa maana ya sehemu bora kuliko zote. Waingereza wakalichukua neno hilo na kwa karne nyingi wakaliandika vyovyote, ua au unga. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 hakuupa unga mahali pake. Uliingizwa chini ya "flower". Tahajia mbili zilikuja kutulia katika karne ya 19.

"Complement" na "compliment" zimetoka katika kitenzi kimoja chenye maana ya kujaza. Ya kwanza, yenye e, ilitoka moja kwa moja katika Kilatini na maana yake ni hii: kinachokijaza kingine kikatimia. Ya pili ilizunguka. Ilitoka Hispania, ikapita Italia na Ufaransa, na ilipofika Uingereza katika karne ya 17 ilikuwa imeshakuwa lugha ya adabu: kumtimizia mtu heshima anayostahili. Ndiyo maana leo ni sifa au salamu. Achari inaukamilisha wali kwa e. Mpishi anasifiwa kwa i.

Nyingine nizipitie upesi. "Discreet", msiri, na "discrete", kilichotengana na vingine, zote ni za kitenzi cha kutenganisha: mwenye busara hutenga la kusema na la kunyamazia. "Metal" na "mettle" zilikuwa neno moja hata wakati wa Shakespeare, likitumika kwa madini na kwa ushupavu wa mtu. Ziliachana tahajia katika karne ya 18.

Msomaji asidhani sasa kwamba kila jozi yenye sura za kufanana ni ndugu. "Council" na "counsel" zinaonekana hivyo, na Waingereza walizichanganya kwa karne kadhaa, lakini ya kwanza asili yake ni kuita watu pamoja, ya pili ni kushauriana. Sisi katika "halmashauri" tunasikia shauri ndani ya jina la baraza lenyewe. Hizo mbili, pamoja na safari ya "check" na "cheque" kutoka kwa mfalme wa sataranji wa Uajemi hadi dirisha la benki, nitazieleza juma lijalo.