Mganga Anapouliza: "Ulitoka Wapi?"



"Munganga huyu iko anauliza mambo mingi! Mimi nilikuja juu ya dawa, yeye anataka kujua safari yangu." Maneno kama haya husikika mara nyingi mbele ya vituo vyetu vya afya. Kijana ametoka Bisie, ameteremka kwa miguu mpaka Njingala, mwili unawaka moto, kichwa kinamuuma. Anataka sindano na vidonge, arudi shimoni upesi. Lakini mganga anashika kalamu na kuuliza: Ulitoka wapi? Ulikaa na nani? Ulimuuguza nani? Ulizika nani?

Tusikasirike. Kwa waganga wa magonjwa ya kuambukiza, maswali hayo hutangulia dawa. Tuangalie mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

YAMBUKU, 1976

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu huko Yambuku, kaskazini mwa nchi. Serikali ilimtuma Jean-Jacques Muyembe, mwalimu wa tiba kwenye chuo kikuu cha Kinshasa, ambaye alikuwa amesomea vijidudu vya magonjwa huko Ubelgiji. Aliwapima wagonjwa bila glavu. Alipochomoa sindano, damu haikukatika, ikamjaa mikononi. Aliosha kwa maji na sabuni, akapona. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Ubelgiji kupimwa. Ndivyo dunia ilivyoijua Ebola.

Kisha wataalamu wakapita kijiji kwa kijiji wakiuliza. Jibu moja likarudi mara nyingi: "Nilipigwa sindano kule hospitalini." Kumbe sindano chache zilitumika kwa watu wengi bila kusafishwa vizuri. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Bila maswali, nani angejua kwamba kifo kilipita katika sindano ya kuponya?

SHIMO LA DURBA

Habari hii ni ya wachimbaji kama sisi. Huko Durba, katika zone ya afya ya Watsa, vijana walichimba dhahabu katika shimo la zamani liitwalo Gorumbwa. Kwa miaka mingi wenyeji walijua ugonjwa wa kutoka damu, wakauita kwa jina la Durba. Walizika, wakarudi kazini. Kuanzia mwisho wa mwaka 1998 mpaka mwaka 2000 ulizidi: watu 154 waliugua, 128 wakafa. Hata daktari mkuu wa zone, Dokta Katenga Bonzali, alikufa mwaka 1999. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola.

Wataalamu, na Profesa Muyembe kati yao, waliwauliza wachimbaji: "Kabla ya kuugua, ulikuwa karibu na mgonjwa yeyote?" Karibu mmoja tu kati ya wanne alijibu ndiyo. Wengine walisema: "Hapana, nilikuwa shimoni tu." Jibu hilo fupi lilifungua mlango. Kama hawakuambukizwa na watu, basi kijidudu kilikuwa mle chini. Shimo lilipojaa maji, ugonjwa ukakoma. Baadaye alama za kijidudu hicho zilipatikana katika popo wa shimo lile.

Vijana wale walichimba bila ruhusa. Wangeweza kuogopa na kusema, "Sijaingia shimoni." Ukweli wao ndio ulioonyesha ugonjwa ulikotoka.

KAMITUGA: SWALI LENYE AIBU

Mwaka 2023, katika mji wa dhahabu wa Kamituga, Kivu ya Kusini, waganga waliona watu wazima wenye vipele na vidonda, hata sehemu za siri. Ilikuwa mpox, ugonjwa uliotambuliwa kwa mwanadamu mara ya kwanza mwaka 1970, katika nchi yetu hii. Safari hii swali lilikuwa gumu zaidi: "Umelala na nani?" Majibu yalionyesha kwamba aina hii mpya ilienea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, pamoja na kufanya mapenzi. Ikavuka mipaka, hata tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza hatari ya kimataifa, tangazo lililoondolewa mwaka 2025.

Vijana wetu, msione haya mbele ya mganga. Anauliza ili amsaidie na yule mwingine. Nasi wazazi na wazee wa kanisa, tusimfanye mgonjwa ajifiche kwa kuogopa midomo yetu.

HOFU NA KUCHELEWA

Kati ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola iliua watu 2,287 upande wetu wa mashariki. Mwaka 2019 ilifika mpaka Pinga, katika Walikale yetu. Wengi walisema, "Ni biashara ya wakubwa," wakaficha wagonjwa. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo, wakamuua Dokta Richard Mouzoko wa Kamerun, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza aliyetumwa na OMS. Alikuwa ameacha kwao ili atusaidie.

Lakini wakati huo huo dawa zilijaribiwa kule Beni na Butembo. Mbili zilifaa sana, na moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Waliopewa dawa hizo mapema, damu ingali na vijidudu vichache, karibu 9 kati ya 10 walipona. Waliochelewa, wengi walikufa. Basi, siku moja ya kuficha inaweza kuwa maisha ya mtu.

TUFANYE NINI?

Kwetu Bisie watu hutoka Masisi, Goma, Bukavu na Butembo, wakakutana katika shimo moja na kulala katika kibanda kimoja. Ugonjwa ukiingia, njia zake ni miguu yetu. Kwa hiyo:

Ukiwa na homa, mwambie mganga shimo uliloingia, safari uliyofanya na mgonjwa uliyemgusa. Kama uliona popo wengi, sema.

Ukiona watu wawili au watatu wa shimo moja wanaugua namna moja, PDG wa shimo asinyamaze. Apeleke habari kituoni siku ile ile.

Mtu akitoka damu, au akifa ghafla, msimwoshe maiti wenyewe. Waiteni waganga kwanza.

Mkiambiwa kumtenga ndugu, kumbukeni Walawi 13: kuhani alimtenga mgonjwa siku saba, kisha akaenda kumtazama tena. Kutenga si kutupa. Pelekeni chakula, mkiweke mahali mlipoonyeshwa, mwite jina lake kwa mbali ajue mpo.

Na sabuni isikosekane mlangoni. Ndiyo iliyomwokoa Profesa kule Yambuku.