Hauwezi Kula Nyama Nyekundu? Usidanganywe na Logo ya Halal kwa Supa

Umepiga choma na mabeshte Jumapili saa moja jioni, mkarudi keja, kila kitu iko fiti. Saa sita usiku unaamka ukijikuna kama mtu ameguswa na upupu, tumbo inakata, midomo imefura. Unalaumu kachumbari. Kumbe inaweza kuwa ni ile nyama.

Kuna aleji inaitwa alpha-gal. Hiyo ni sukari iko kwa nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na mwili huanza kuikataa baada ya mtu kuumwa na kupe. Inachelewa, masaa mawili hadi sita, ndio maana watu hawashuku nyama. Marekani inajulikana sana, na Afrika Kusini kuna wagonjwa wamepatikana kule Eastern Cape. Ka umelelewa Njoro ama Gilgil ukichunga ng'ombe, kupe unawajua. Haimaanishi uko nayo, daktari ndiye atakupima damu. Lakini koo ikianza kubana usingoje asubuhi, tafuta gari uende PGH saa hiyo hiyo.

Ka ushaambiwa uko nayo, kuacha choma ndio rahisi. Ngori iko kwa pakiti. Mimi si daktari, hata chuo sikumaliza, lakini kusoma pakiti haitaki digrii.

Geuza nyuma. Tafuta neno "gelatin", saa zingine wanaandika E441 tu. Hiyo hutolewa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe ama nguruwe, na iko kwa marshmallow, jelly, peremende za kutafuna, hadi yoghurt zingine. "Tallow" ni mafuta ya ng'ombe, "lard" ya nguruwe. E471 ndio inasumbua, ju inaweza toka kwa mimea ama kwa mnyama na pakiti haisemi. Pigia kampuni uulize.

Sasa halal. Wasee huona hiyo logo wanatulia. Halal inakuhakikishia hakuna nguruwe na mnyama alichinjwa vile dini inataka. Gelatin ya ng'ombe inaweza kuwa halal kabisa na bado ikulaze. Na ile mstari ya "contains" hutaja maziwa, mayai, karanga, ngano. Nyama haiko kwa hiyo list, so usiitegemee.

Maziwa wengi hunywa bila shida, wengine huwakataa, kwa hivyo ongea na daktari kabla uache chai. Kwa chemist pia sema mapema, ju ganda la capsule mara mingi ni gelatin.

Kuku na samaki uko sawa. Lakini soseji ya kuku inaweza kuwa imevalishwa ganda la ng'ombe, utaona "beef collagen" huko chini kabisa. Na ka unanunua smokie kwa mkokoteni, mwambie msee akuonyeshe pakiti kabla aipasue kati aweke kachumbari. Atakuangalia vibaya, lakini pakiti anayo.